Kituo cha mbali kwanza: kutembea mlangoni mwa mto kwa ratiba mbili

Katika kijiji cha Arnside, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, king'ora hulia kabla ya maji kujaa. Mto Kent unaingia hapo katika ghuba ya Morecambe, ambako tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufikia mita 10 hivi wakati wa bamvua kubwa, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Bahari ikirudi, mara nyingine hutanguliwa na wimbi linalopanda mto, na nyuma yake maji hufuata kwa kasi inayomshinda mtu anayekwenda kwenye mchanga mlaini. Stesheni ya treni iko mwendo wa dakika chache kutoka ukingoni. Abiria anayeshuka wakati wa kupwa anaona uwanda mkavu wa kilomita kadhaa, mchanga unang'aa, na ni rahisi kuamini kwamba hapo ni ufuo wa kutembea utakavyo. King'ora kinalia kwa ajili ya mtu huyo.

Matembezi yanayoanzia stesheni na kufuata mlango wa mto yana ratiba mbili, ya treni na ya maji, na wala moja haimsubiri mtu. Bado miongozo mingi ya matembezi ya mashambani huandikwa kana kwamba hakuna hata moja. Sababu yake ni gari. Mwenye gari analazimika kurudi alipoliacha, kwa hiyo kila safari anaigeuza duara, anaanza saa atakayo na kumaliza saa atakayo. Mtu wa treni akiiga duara hilo anatupa faida kubwa kuliko zote alizonazo: kushuka hapa na kupandia kule, na kuuona mto ukibadilika kutoka maji matamu yenye mierebi hadi tope, chumvi na upepo wa bahari wazi. Mlango wa mto ni kitu kirefu. Kuuzunguka kipande kimoja na kurudi ni kusoma ukurasa mmoja wa barua.

Reli ziko huko kwa sababu ya kazi. Wahandisi wa karne ya 19 walitafuta ardhi tambarare, kwa kuwa injini ya mvuke ilichoka haraka mlimani, na ukingo wa mto unaokaribia bahari ni tambarare kuliko bonde lolote. Isitoshe, magati ya mizigo yalikuwa hapo hapo. Reli ya South Devon, iliyosimamiwa na mhandisi Brunel, ilipita kando kabisa ya mto Exe, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kufika Teignmouth mwaka 1846. Upande wa pili wa mto huo reli ya Exmouth ilifunguliwa mwaka 1861. Mto mmoja, reli mbili, kila upande na stesheni zake. Gharama ya uchaguzi huo bado inalipwa: Februari 2014 dhoruba ilivunja ukuta wa bahari pale Dawlish, reli ikaning'inia hewani, na njia ikafungwa kwa miezi miwili. Kwa mtembeaji, ukaidi huo wa wahandisi ni zawadi, maana njia ya miguu na reli hukaa karibu kwa kilomita nyingi, na stesheni haiko mbali ukichoka.

Tuanze na treni, kwa kuwa ndiyo ratiba rahisi. Kanuni ninayoitetea ni hii: panda hadi kituo cha mbali kwanza, kisha tembea kuelekea nyumbani. Kwanza kuna tiketi. Nchini Uingereza, tiketi ya kwenda na kurudi hadi kituo cha mbali kwa kawaida inakuruhusu kupandia njiani wakati wa kurudi, kwenye kituo kilicho kwenye mstari huohuo. Ukinunua ya kituo cha karibu, ukatembea kwenda mbele na kupandia kituo cha mbali, umevuka mpaka wa tiketi yako na utalipishwa kipande kilichobaki, pengine na faini juu yake. Tiketi za bei nafuu zilizofungwa kwa treni moja maalum hazifai kabisa kwa kazi hii: haziruhusu kukatisha safari, na hukumu yake ukichelewa ni kununua tiketi mpya kwa bei kamili.

Pili kuna idadi ya treni. Mstari wa Exmouth una treni kila nusu saa hivi wakati wa mchana. Mstari wa pwani ya Cambrian huko Wales una treni moja kila saa mbili hivi, na ule wa bonde la Tamar kutoka Plymouth hadi Gunnislake nao uko karibu na hapo. Kwa hiyo anzia kwenye kituo chenye treni chache, ambako saa ya kufika unaijua, na umalizie kwenye kituo chenye treni nyingi, ambako saa ya kufika huijui. Wengi hufanya kinyume, wanaanzia mjini na kumalizia kijijini, kisha wanakaa saa moja na nusu kwenye kibanda kisicho na choo, nguo zimelowa jasho na jua linazama. Siku za Jumapili isome ratiba upya, maana mistari midogo hupunguza safari siku ambayo watembeaji ndio wengi.

Vituo kadhaa vya mistari hii ni vya ombi: treni haisimami mpaka iombwe. Exton upande wa mashariki wa Exe na Morfa Mawddach huko Wales ni mifano. Ukiwa ndani, mwambie kondakta mara tu unapopanda, usingoje kituo kimoja kabla. Ukiwa kwenye jukwaa, simama mahali dereva anapoweza kukuona na unyoshe mkono wazi treni ikiwa bado mbali. Mtu aliyeketi kibandani akiandika ujumbe kwenye simu hupitwa, na kosa si la dereva.

Ratiba ya pili ndiyo inayoumiza watu, na hapa msomaji wa Kiswahili ana akiba ya maneno ambayo lugha nyingi hazina. Neno pwani lenyewe limetoka katika kupwa: ni mahali palipopwa maji. Bamvua, na maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, tunayajua. Kinachohitajika ni kuyatia tarakimu.

Kati ya kujaa na kujaa tena kuna saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu takriban juma moja baadaye. Katika saa sita za kujaa, maji hayapandi sawasawa. Ukigawa kina chote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Mtu aliyetazama maji kwa saa moja ya mwanzo akaona yamesogea kidogo, akatulia kula mkate wake, anakosea kwa sababu hiyo hasa.

Na hesabu hiyo ni ya bahari wazi. Ndani ya mlango wa mto huharibika. Katika maji ya kina kifupi, kilele cha wimbi la kujaa na kupwa husafiri haraka kuliko bonde lake, hivyo kadiri unavyopanda mto, kujaa hufupika na kupwa hurefuka. Juu kabisa ya mlango, maji yanaweza kujaa kwa saa mbili au tatu za haraka, kisha yakapwa taratibu kwa saa tisa au zaidi. Saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya bandari iliyo mdomoni mwa mto haitoshi. Tafuta marekebisho ya kituo kilicho karibu na utakapopita, na uhesabu kwamba maji yataanza ghafla.

Makosa mawili ya kusoma ratiba hujirudia kila mwaka. La kwanza ni saa yenyewe: ratiba nyingi za Uingereza huchapishwa kwa saa za Greenwich, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za nchi zimesogezwa mbele kwa saa moja. Maji yaliyoandikwa kujaa saa tano yanajaa saa sita ya saa yako ya mkononi. Asiyejua huamini maji yameshaanza kupwa wakati bado yanapanda. Kosa la pili ni hewa. Ratiba hukokotolewa kwa mwezi na jua, haiijui dhoruba. Kila hektopaskali 1 ya mgandamizo wa hewa inayopungua chini ya wastani huinua bahari kwa sentimita 1 hivi. Siku ya mgandamizo wa chini sana, ongeza sentimita 30 au 40 kabla hata ya kuhesabu upepo unaosukuma maji kuelekea nchi kavu. Njia iliyokuwa kavu kwa bamvua ya juzi itakuwa chini ya maji leo.

Kuna jambo moja zuri ambalo haliandikwi vya kutosha: mahali pamoja, bamvua huja karibu saa zilezile daima. Arnside, na vilevile Harwich upande wa mashariki, maji ya bamvua hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane. Kwenye mto Exe hujaa asubuhi na jioni. Maana yake, mtembeaji wa mchana akienda Exe siku za bamvua atakuta tope tupu, pana, na ndege wako mbali kama punje za pilipili. Akienda siku za maji mafu, kujaa kutaangukia mchana, na ndege watasukumwa hadi chini ya njia. Huko wakati wa baridi hukusanyika ndege mweupe mwenye mabaka meusi na mdomo uliopinda kwenda juu, ambaye jina lake la Kiingereza, Avocet, ndilo limepewa reli ya Exmouth. Kumwona vizuri lenga saa mbili kabla ya kujaa hadi saa mbili baada yake, siku ya maji mafu, kati ya Topsham na Lympstone. Ukishaujua mpangilio huu kwa mto mmoja, kalenda yenye alama za mwezi inatosha kukuchagulia juma la kwenda.

Sasa tope. Chembe za udongo mfinyanzi zinazobebwa na maji matamu zikikutana na chumvi hushikana, zinakuwa nzito na kuzama. Ndiyo maana mlango wa mto una tope lililo laini kuliko la mto wenyewe na la pwani wazi. Tope hilo lina tabia mbili mbaya. Likitulia linaonekana gumu, hata hubeba hatua mbili tatu. Likitikiswa linakuwa uji. Na mguu ukishazama, ukiuvuta juu moja kwa moja unatengeneza ombwe chini ya unyayo, na tope linakunyonya. Kila mvuto wa nguvu huuzamisha mguu wa pili.

Ukinasa, acha kuvuta. Egemea nyuma au ukae kabisa, tandaza uzito wako, weka mkoba au koti chini ya mwili, kisha tikisa mguu mmoja taratibu huku na huku ili maji yaingie pembeni mwake. Ukitoka, jivute kwa tumbo au magoti kurudi ulikotoka, kwa maana ardhi ya nyuma unaijua. Mwenzako asikukimbilie, atakuwa wa pili kunasa. Piga 999, namba ya dharura ya Uingereza, omba walinzi wa pwani, na upige mapema wakati maji bado yako mbali, kwa sababu kumtoa mtu kwenye tope kunahitaji vifaa maalum na muda. Mabuti marefu ya mpira, ambayo wengi huyaona ndiyo vazi sahihi, ni mabaya hapa: hujaa, hunasa, na hayakukazi kifundoni. Viatu vya kamba vilivyofungwa vizuri ni salama zaidi. Lakini tiba kubwa ni kutokwenda kwenye tope kabisa. Njia nzuri ya mlango wa mto haikutaki ushuke humo hata mara moja.

Kinamasi cha chumvi nacho kina hila yake. Ni uwanda wa majani mafupi uliokatwakatwa na vijito vyembamba, na maji yakijaa hayaji kutoka mbele kama mtu anavyotarajia. Hupanda kwanza ndani ya vijito, kimyakimya, yakakupita na kujaa nyuma yako. Unayatazama maji yaliyo mita 200 mbele, nawe tayari uko kisiwani. Ghuba ya Morecambe ina mitego yote miwili pamoja na mchanga unaodidimia. Februari 2004 waokota kombe Wachina wasiopungua 21 walikufa humo usiku mmoja. Kuivuka ghuba hiyo kwa miguu, kutoka upande wa Arnside hadi stesheni ya Kents Bank, kunafanyika tangu zamani, lakini ni kwa kufuatana na mwongozaji rasmi wa mchanga, cheo kilichokuwapo tangu karne ya 16. Mito inayokatiza mchanga huhama kutoka juma hadi juma. Ramani haisemi lolote la maana hapo.

Mashariki, katika Essex, hatari ni ndogo na kosa la kawaida ni la umbali. Kando ya mito Crouch na Stour unatembea juu ya matuta ya udongo yanayozuia bahari. Matuta haya yaliimarishwa sana baada ya mafuriko ya usiku wa Januari 31, 1953, yaliyoua watu 307 nchini Uingereza, na ndiyo maana njia iko juu, mashamba yako chini upande mmoja, na mara nyingi mashamba yako chini kuliko maji yaliyo upande wa pili. Tuta hufuata kila hori na kila kona. Stesheni mbili zinazoonekana ziko umbali wa kilomita 6 kwa mstari ulionyooka zinaweza kukugharimu 10 au 12. Pima kwa uzi juu ya ramani ya Ordnance Survey ya 1:25,000, ambako sentimita 4 ni kilomita moja, wala usikadirie kwa macho. Hakuna mlima wa kukupunguza mwendo, lakini nyasi ndefu zilizolowa na upepo usio na kizuizi hufanya kazi hiyohiyo: hesabu kilomita 4 kwa saa kwenye lami au changarawe, 3 juu ya tuta lisilofyekwa. Upepo wa kawaida wa nchi hiyo hutoka kusini-magharibi. Treni zikiruhusu, tembea kutoka magharibi kwenda mashariki uupe mgongo.

Jambo jingine la Essex: mto Crouch hauna daraja baada ya Battlesbridge. Ukichagua ukingo, umeuchagua kwa siku nzima. Stesheni za North Fambridge, Althorne na Burnham-on-Crouch zote ziko ukingo wa kaskazini, kwa hiyo njia ya akili ni huo. Stour ni mpole zaidi. Kutoka Manningtree, Njia ya Essex, yenye urefu wa kilomita 130 kutoka Epping, hupita Mistley na Wrabness na kuishia Harwich, na reli inaandamana nayo ikiwa na treni kila saa hivi. Wrabness iko katikati ya kipande hicho, kwa hiyo mvua ikizidi una mlango wa kutokea. Kwa anayejifunza aina hii ya matembezi hakuna mstari bora upande huo wa nchi.

Ramani nzee ni hatari kuliko kutokuwa na ramani. Katika miaka ya karibuni matuta mengine yamevunjwa kwa makusudi ili bahari irudi na kinamasi kikue kiwe kinga. Steart huko Somerset tuta lilifunguliwa mwaka 2014. Wallasea, katika mlango wa Crouch, ardhi iliinuliwa kwa zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya reli chini ya London, kisha maji yakaingizwa mwaka 2015. Njia iliyokuwa juu ya tuta lililovunjwa haipo tena. Vivuko vya miguu vya kukatiza reli navyo vimekuwa vikifungwa, kwa sababu Network Rail, taasisi inayomiliki reli, inaviona kuwa hatari, na mwenye ramani ya miaka 15 iliyopita anafika penye uzio na kulazimika kuzunguka. Mzunguko wa kilomita mbili hauui mtu. Humkosesha treni.

Hapa ndipo ningependa kusema na wanaopanga njia, maana mambo niliyotaja hadi sasa mtembeaji anaweza kuyamudu, na haya yanayofuata hawezi.

Sheria ya bahari na pwani ya mwaka 2009 iliagiza njia ya miguu kuizunguka pwani yote ya Uingereza, njia ambayo sasa ina jina la Mfalme Charles III na urefu unaokadiriwa kuwa kilomita 4,300. Lakini kwenye milango ya mito sheria hiyohiyo ililegeza kamba. Kifungu cha 301 kinaiachia taasisi ya Natural England iamue kama njia ipande mto au ikome, na miongoni mwa mambo ya kuzingatia ni kuwapo kwa kivuko cha boti. Kwa karatasi ni busara. Kwa vitendo, boti nyingi za aina hiyo ni za msimu. Ile ya Starcross hadi Exmouth hufanya kazi takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba. Miezi mingine njia inafika gatini na kutazama maji.

Na jibu liko hapo hapo, juu ya reli. Gati la Starcross unalifikia kwa kupita juu ya daraja la stesheni yenyewe. Panda treni hadi Exeter, badilisha, teremka Exmouth, umevuka mto. Treni ndiyo boti ya majira ya baridi. Vivyo hivyo kwenye mto Kent: daraja la reli la mwaka 1857, lenye urefu wa karibu nusu kilomita, linaiunganisha Arnside na upande wa Grange-over-Sands kwa dakika chache, wakati kwa miguu ni kupanda hadi daraja la barabara la juu na kurudi chini, kazi ya sehemu kubwa ya siku kando ya barabara zenye magari. Anayejua hulipa nauli ya kituo kimoja na kuendelea. Kwa nini basi treni haihesabiwi waziwazi kuwa kiungo cha njia, ikaandikwa kwenye mabango na ramani, kama boti inavyohesabiwa? Wapangaji wanaogopa, nadhani, kwamba kupanda treni ni kudanganya. Boti nayo si miguu.

Wales wamefanya zaidi. Daraja la Barmouth, la mbao, lilifunguliwa mwaka 1867 na lina urefu wa kama mita 820 kuvuka mdomo wa Mawddach. Pembeni mwa reli pana njia ya miguu. Unateremka Morfa Mawddach, unavuka mto ukiwa na milima nyuma na bahari upande wa kushoto, na njia ya Mawddach, ya kilomita 15 hivi kati ya Dolgellau na Barmouth, kwa sehemu kubwa inalala juu ya tuta la reli nyingine iliyofungwa mwaka 1965. Dolgellau haina treni tena, kwa hiyo chukua basi hadi huko asubuhi na utembee kurudi Barmouth kwenye stesheni: kituo cha mbali kwanza, hata kama cha mbali ni cha basi. Karibu mwaka 2016 baraza la Gwynedd lilipofikiria kuacha kuchangia gharama za njia hiyo ya daraja, watu kwa maelfu walitia saini kupinga. Walijua wanachotetea. Bila ubao ule wa pembeni, mdomo wa mto ungekuwa ukuta.

Njia ya miguu ya pembeni kwenye daraja la Kent imekuwa ikidaiwa kwa muda mrefu. Ingegharimu fedha nyingi, na haitakuja upesi. Lakini kuna vitu vya bei ndogo visivyohitaji kusubiri. Kila stesheni ya mlango wa mto ingekuwa na karatasi moja zaidi kwenye ubao wa matangazo: saa za kujaa kwa mahali hapo, tayari zimebadilishwa kuwa saa za nchi, siku za bamvua zimetiwa rangi, na chini yake saa ya treni ya mwisho kutoka kwenye stesheni tatu zinazofuata. Mwezi Desemba, wakati jua la kusini mwa Uingereza linazama karibu na saa kumi alasiri, ongeza mstari wa machweo. Ubao upo tayari kila jukwaa, na upande wake mmoja mara nyingi ni mtupu.